Umbali si Kinga: Kasoro ya Kufurika katika Masanduku ya Kuhifadhia Taarifa

Kompyuta, ambayo wengine hupenda kuiita tarakilishi, imekwisha kuingia katika ofisi nyingi za shule zetu za sekondari, na nyuma yake kimeanza kuingia chombo kingine kisichozungumzwa sana. Ni sanduku dogo, aghalabu jeusi, lenye ukubwa wa matofali mawili yaliyopangwa pamoja, ambalo huwekwa juu ya kabati na kuwaka taa zake usiku na mchana. Ndani yake mna diski mbili au nne. Waya mmoja huliunganisha na umeme, na mwingine huliunganisha na mtandao wa shule, ili mwalimu wa taaluma, mhasibu na mkuu wa shule waweke na kuchukua mafaili yao humo bila kubebeana diski mikononi. Mafundi huliita NAS. Katika makala haya tutaliita sanduku la hifadhi.

Nia yangu ni kueleza kasoro moja kongwe ambayo imo katika baadhi ya masanduku hayo, na ambayo mafundi huiita kufurika kwa bafa. Kasoro hii haijali ubora wa neno la siri alilochagua mwenye sanduku. Nashikilia kwamba yafaa ifundishwe katika shule za sekondari, tena mapema, na kwamba shule iliyoko Masuguru, katika ukanda wa Handeni na Korogwe, inahusika nayo kama inavyohusika benki iliyoko Dar es Salaam.

Kwanza yafaa ieleweke kwamba sanduku la hifadhi si kabati. Kabati ni mbao na kitasa. Haliwezi kudanganywa, bali huvunjwa tu. Sanduku la hifadhi ni kompyuta kamili, yenye akili yake ya elektroniki na programu zake. Kila mara mwalimu anapoomba faili, yako maelfu ya mistari ya maagizo ambayo binadamu fulani, katika nchi fulani, aliyaandika, na ambayo sanduku huyatii neno kwa neno. Aliyeiandika programu hiyo akisahau kupima, sanduku nalo halitapima.

Wakazi wa Handeni na Korogwe hawahitaji kuelezwa lumbesa ni nini. Gunia la mahindi, ambalo sheria ya vipimo inataka lisizidi kilo 100, hujazwa hadi mdomoni, kisha huongezwa kilemba juu yake na kushonwa kwa kamba, na mnunuzi hulilipia kama gunia moja. Wakala wa Vipimo umepiga vita lumbesa kwa miaka mingi, na hoja yake ni nyepesi: mzigo upimwe kwa mizani, usikadiriwe kwa macho. Kufurika kwa bafa ni lumbesa ya kompyuta, ila kwa tofauti moja kubwa. Kilemba cha lumbesa hubaki juu ya gunia lile lile. Katika kompyuta kilemba hicho humwagika katika chombo cha jirani na kufuta kilichokuwamo.

Tuchukue mfano uliorahisishwa. Kumbukumbu ya kompyuta tuifikirie kuwa safu ndefu ya vyumba vidogo vilivyopewa namba, kila chumba kikiwa na nafasi ya herufi moja, yaani baiti moja. Programu ya sanduku letu inapopokea ombi la faili hutenga vyumba 16 kwa ajili ya jina la faili hilo. Vyumba hivyo 16 ndivyo bafa. Mwalimu anaomba faili liitwalo "matokeo". Jina hilo lina herufi 7. Pamoja na alama inayoonyesha mwisho wa jina, zinajazwa baiti 8, na vyumba 8 vinabaki vitupu. Hakuna tatizo lolote.

Baada ya vyumba hivyo 16, katika safu ile ile, viko vyumba 8 vyenye kazi nyingine kabisa: vinatunza anwani ya kurejea. Programu kubwa imegawanyika katika kazi ndogo ndogo, na kazi moja inapoiita nyingine huacha alama ya mahali ilipofikia, kama msomaji anayeweka kikaratasi katika ukurasa kabla ya kuinuka kwenda kutazama kamusi. Kazi ndogo ikiisha, kompyuta huitazama alama hiyo na kurejea pale pale. Sasa mtu mwenye nia mbaya analeta jina la faili lenye herufi 24. Programu, kwa kuwa haikuagizwa kupima, inaendelea kuandika: herufi 16 za kwanza zinajaza bafa, na 8 zilizobaki zinaandikwa juu ya anwani ya kurejea. Kikaratasi cha msomaji kimehamishwa. Kompyuta haitarejea ilikotoka, bali itakwenda popote palipoandikwa na mgeni. Na kama mgeni huyo alikwisha kupenyeza maagizo yake mwenyewe mahali hapo, kompyuta itayatekeleza kwa utiifu ule ule inaotekeleza maagizo ya mwenye mali.

Msomaji atambue mambo mawili. Mgeni hakukisia neno la siri. Aghalabu hata hakuulizwa, kwa maana jina lilipokelewa na kunakiliwa kabla programu haijafika hatua ya kuuliza. Tena hakutumia chombo chochote cha ajabu. Alituma ombi la kawaida, ila refu kupita kiasi.

Jambo linalonisikitisha ni kwamba kasoro hii si ngeni hata kidogo. Ilielezwa waziwazi katika taarifa ambayo James Anderson aliliandalia jeshi la anga la Marekani mwaka 1972. Mtaalamu wa Uingereza, Tony Hoare, alipopokea Tuzo ya Turing mwaka 1980, alisimulia jinsi kampuni yake katika miaka ya 1960 ilivyotengeneza mtambo wa kutafsiri lugha ya Algol 60 ambao ulipima kila mara kama programu imevuka mipaka ya safu yake. Wateja walipoulizwa kama wangependa wapewe njia ya kuzima upimaji huo ili programu zao zikimbie zaidi, wote walikataa. Hoare alilalamika kwamba miaka mingi baadaye wabunifu wa lugha walikuwa bado hawajajifunza jambo ambalo wateja wake walilijua.

Lugha iliyokuja kutawala ilikuwa C, aliyoibuni Dennis Ritchie katika maabara za Bell za Marekani mnamo mwaka 1972. Ni lugha fupi, yenye kasi na inayoikaribia sana mashine, na kwa sababu hizo mifumo mingi ya kompyuta, pamoja na sehemu kubwa ya programu za masanduku ya hifadhi, imeandikwa kwayo. Lakini C haimpimii mwandishi. Inalo agizo liitwalo strcpy, ambalo hunakili herufi moja baada ya nyingine mpaka likute alama ya mwisho, bila kuuliza kama chombo kinachopokea kina nafasi. Mwandishi makini hupima mwenyewe kabla ya kulitumia. Mwandishi aliyechoka, au aliyeharakishwa na mwajiri wake, husahau, na programu yake hufanya kazi vizuri kwa miaka mingi kwa kuwa watu wa kawaida hawana desturi ya kuyapa mafaili yao majina marefu kama utenzi.

Tarehe 2 Novemba 1988 dunia ilipata onyo lake la kwanza kubwa. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, Robert Tappan Morris, aliachia katika mtandao programu inayojisambaza yenyewe. Moja ya njia zake ilikuwa kutuma ujumbe wa baiti 536 kwa programu iliyotenga nafasi ya baiti 512. Baiti 24 zilizozidi zilitosha. Kompyuta zilizopatwa zilikadiriwa kuwa 6,000, karibu sehemu moja ya kumi ya mtandao wa wakati huo, na mwaka 1990 Morris alitiwa hatiani na mahakama.

Onyo la pili nalitaja kwa sababu ya wale wanaosema, na nimewasikia wengi wakisema, "Nani atahangaika na sisi huku shamba?" Tarehe 25 Januari 2003 programu nyingine ya namna hiyo, iliyokuja kuitwa Slammer, iliingia katika kompyuta zenye programu ya Microsoft ya kutunza taarifa. Ilikuwa na baiti 376 tu, yaani fupi kuliko aya hii. Katika muda wa dakika kumi hivi ilikuwa imekwisha kuzifikia kompyuta nyingi kati ya zile zilizokuwa na kasoro. Jumla yake ilikadiriwa kuwa 75,000 na kuendelea. Mashine za kutolea fedha za benki moja kubwa ya Marekani zilikwama, na Korea ya Kusini ilikaribia kukatika katika mtandao. Dawa ya kasoro hiyo ilikuwa imetolewa tangu Julai 2002, miezi sita kabla. Wengi hawakuwa wameitumia.

Je, Slammer iliwachaguaje wahanga wake? Haikuwachagua. Ilibuni namba kwa kubahatisha, ikajituma kwa kila namba iliyoibuni, kisha ikabuni nyingine. Anwani za intaneti za aina ya zamani ni namba tu, na jumla yake ni kama bilioni 4.3, mashine zenye nia mbaya huzipitia leo moja baada ya nyingine, mchana na usiku. Katika orodha hiyo hakuna mahali palipoandikwa kwamba namba hii ni ya benki na ile ni ya shule iliyoko Masuguru. Umbali wa kilometa, ambao zamani ulituchelewesha kupata vitabu na dawa lakini pia ukatukinga na baadhi ya maovu ya mijini, haumo katika hesabu ya mtandao.

Turudi sasa kwenye masanduku yenyewe. Mwezi wa Mei 2024 watafiti wa kampuni ya watchTowr walitangaza kwamba walikuwa wameipekua programu ya masanduku ya QNAP, kampuni ya Taiwan ambayo vyombo vyake vimeenea duniani, wakakuta kasoro 15. Mojawapo ilikuwa kufurika kwa bafa, na chanzo chake kilikuwa agizo lile lile, strcpy, katika sehemu inayowawezesha watumiaji kugawiana mafaili na watu wa nje. Ili kuitumia, mshambuliaji alihitaji kuwa na kiungo halali cha faili lililokwisha kugawiwa. Basi kila mtumiaji aliyempelekea mgeni kiungo cha faili moja alikuwa, bila kujua, amempa pia ufunguo wa kugonga mlango huo. Dawa ilitolewa siku chache baada ya tangazo. Tangu taarifa ya Anderson mpaka hapo ilikuwa imepita miaka 52.

Kwa haki, nieleze kwamba kompyuta za siku hizi zina ngao ambazo zile za mwaka 1988 hazikuwa nazo. Ngao moja hubadili mpangilio wa anwani kila programu inapoanza, ili mgeni asijue aandike anwani gani. QNAP yenyewe ilieleza kwamba ngao hiyo iliifanya kasoro ya mwaka 2024 iwe ngumu zaidi kutumika. Nyingine, iliyoonyeshwa mwaka 1998, huweka namba ya siri kati ya bafa na anwani ya kurejea, mfano wa uzi mwembamba uliofungwa mlangoni: uzi ukikatika, programu hujua kwamba mtu amepita na hujisimamisha. Ziko pia lugha mpya, Rust ikiwa mojawapo, ambazo hupima zenyewe. Ngao ni njema, lakini sanduku la bei nafuu, au la zamani, huenda lisiwe na hata moja.

Hapa ndipo ninapofikia jambo linalogusa shule zetu kuliko wadukuzi wote, nalo ni umri wa vyombo tunavyopokea. Mwezi wa Juni 2021 wenye masanduku ya Western Digital yaliyoitwa My Book Live, katika nchi mbalimbali, waliamka na kukuta picha na nyaraka zao zote zimefutwa. Kasoro zilizotumika hazikuwa za kufurika kwa bafa. Katika moja yake, mistari ya programu iliyopaswa kuuliza neno la siri kabla ya kufuta kila kitu ilikuwa imezimwa na waandishi wenyewe. Lakini sababu iliyofanya msiba uwe mkubwa ni kwamba kampuni ilikuwa imeacha kuyarekebisha masanduku hayo tangu mwaka 2015. Yalikuwa yakiwaka taa zake kama kawaida, diski zake zilikuwa nzima, na wenyewe walidhani wanacho chombo kizima. Kwa miaka sita walikuwa na chombo kilichotelekezwa.

Shule inapopewa sanduku la namna hiyo kama msaada, desturi yetu ni kushukuru, kupiga picha na kuliunganisha. Adabu ni jambo jema, lakini adabu haituzuii kuuliza. Mkulima anayepewa dume la ng'ombe huuliza umri wake bila kuonekana mkosefu wa shukrani. Swali la kuuliza ni moja: mtengenezaji atalirekebisha sanduku hili hadi mwaka gani? Kama jibu ni mwaka uliopita, sanduku laweza bado kufaa kwa kuhifadhia vitabu na filamu za masomo ndani ya darasa lisilo na intaneti. Lisipewe alama za wanafunzi.

Alama za wanafunzi nazitaja kwa makusudi. Maendeleo ya mwanafunzi, ambayo huchangia katika matokeo yake ya mwisho, hutunzwa shuleni kabla hayajapelekwa kwingine. Zikifutwa, hutafutwa madaftari ya walimu, na mwalimu aliyehamia mkoa mwingine huenda amehama na daftari lake. Zikibadilishwa kimya kimya, hasara ni kubwa zaidi, kwani hakuna atakayejua kwamba kuna la kutafuta. Nje ya shule mambo ni yale yale. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka kijiji kiwe na rejesta ya ardhi, na kila nakala ya rejesta inayoingizwa katika kompyuta hubeba mipaka ya mashamba ya watu ambao hawajawahi kuigusa kompyuta hiyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023, inamtwika anayetunza taarifa za watu wajibu wa kuzilinda; shule na halmashauri hazikusamehewa.

Wako watakaosema, kama hatari ndiyo hii, basi tubaki na makaratasi. Nchi yetu ilikwisha kulijaribu jibu la namna hiyo. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965; baada ya mashaka makubwa katika utunzaji wa hesabu, mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta nchini ulipigwa marufuku bila kibali maalumu. Hofu ile ilikuwa na sababu zake, lakini marufuku haikutufundisha namna ya kuzitawala mashine. Ilichelewesha tu siku ya kujifunza. Makaratasi nayo yana mchwa.

Linalowezekana ni la kawaida. Sanduku la hifadhi halina haja ya kuonekana kutoka nje ya shule. Ruta nyingi hulificha zenyewe, na hatari huanza pale mtu anapofungua njia ili aweze kusoma mafaili ya Masuguru akiwa Korogwe mjini au Tanga. Njia hiyo ifungwe. Marekebisho ya mtengenezaji yaingizwe yanapotolewa. TZ-CERT, kitengo kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, hutoa matangazo ya kasoro za namna hii, na si vibaya mwalimu mmoja akapewa kazi ya kuyasoma. Nakala ya pili ya taarifa zote iwekwe katika diski ambayo, baada ya kunakiliwa, huchomolewa na kufungiwa kabatini. Diski iliyochomolewa haifikiwi na ujumbe wowote, uwe wa baiti 376 au wa milioni.

Lakini haya yote ni kazi ya wakubwa. Kwa upande wa darasa, sikubaliani na mafunzo ya usalama wa kompyuta yanayoishia kwenye neno la siri, kana kwamba hatari zote hupitia mlango wa mbele. Mwanafunzi wa kidato cha pili anayeelewa kwa nini maji ya ndoo iliyojaa humwagikia kando anaweza kuelewa kufurika kwa bafa, na halazimiki kuwa na kompyuta. Mwalimu achore ubaoni safu ya miraba 24, aipake rangi 8 ya mwisho na kuandika juu yake "anwani ya kurejea". Kisha wanafunzi waandike majina ya mafaili ndani ya safu hiyo, herufi moja katika kila mraba, wakianzia kushoto na wasiache kuweka alama ya mwisho baada ya kila jina. Majina mafupi kwanza, kisha marefu, mpaka rangi iguswe. Halafu awaulize wangeongeza agizo gani, na katika hatua ipi, ili miraba yenye rangi isiguswe kamwe.

Wengi watajibu upesi: jina likizidi herufi 16, likataliwe. Awape jina lenye herufi 16 kamili, waliandike, kisha awaulize alama ya mwisho wameiweka katika mraba upi.